Mtoto Niliyemwita Mpole

Kariakoo, Jumatano, masika ya mwaka 1956

Mvua imeshika tangu alfajiri. Maji ya mtaani yamefika kizingitini, na nyumba nzima inanuka ubani, kuni mbichi na nguo zisizokauka. Leo ilikuwa arobaini ya kuzaliwa kwa mtoto wa Salama, jirani yangu wa chumba cha pili. Nimerudi chumbani kwangu nimeshiba halua na aibu.

Nitaandika yote. Kwenye karatasi sina kigugumizi.

Nyumba hii ina vyumba sita, familia tano na mimi peke yangu. Wameshanizoea. Wanasema ukimwuliza Tatu jambo, nenda kaoshe vyombo kwanza, ndipo urudi kuchukua jibu. Nami hucheka nao, nifanyeje? Wasilolijua ni hila yangu. Neno likinikwama silipiganii. Naliacha, naokota jingine lililo jepesi, hata kama silo nililokusudia. Nikienda sokoni kununua dagaa, nikaona neno limenikaba, naomba ng'onda, samaki mkavu. Sipendi ng'onda. Nimeishi hivyo miaka thelathini nikidhani hasara ni yangu tu.

Mwaka juzi nilikwenda kliniki ya wazazi kwa daktari mmoja mwanamke wa Kizungu anayechunguza vigugumizi. Alinikalisha mbele ya mashine ya kunasa sauti, yenye magurudumu mawili na utepe mwembamba, akaniambia nizungumze chochote. Kisha akanisikilizisha. Ya Rabi! Nilimsikia mtu mwingine kabisa, anahangaika kama aliyekwama na gunia mlangoni. Nililia. Nilipomaliza kulia akanisikilizisha tepe nyingine, za watoto wachanga, maana uchunguzi wake wa pili ndio huo: anataka kujua kilio kinasema nini kabla mtoto hajajua kusema. Nikamwonyesha kwa kidole kwenye picha za watoto hao: huyu ana njaa, huyu ana usingizi, huyu ameumia. Sikukosea hata mmoja. Akaniajiri.

Kazi yenyewe si ya kujivunia. Nina mpira mwembamba, wa aina ile wanayofungia bahasha maofisini. Mtoto wa siku mbili analazwa mezani, mashine inazunguka, nauvuta mpira na kuuachia unyayoni mwake. Analia, tunanasa, mama anampakata. Akina mama wa Kariakoo wananiita Mliza Watoto. Wako wanaonikuta njiani wakafunika wachanga wao kwa kanga. Siwalaumu.

Mtoto mzima hulia papo hapo, kwa hasira, anavuta pumzi, anaanza tena. Lakini kipo kilio kingine. Hicho kinachelewa. Kikija ni chembamba kama mlio wa mbu, kimenyooka, hakina hasira ndani yake. Nilikuwa nimekisikia mara mbili, na mara zote mbili daktari aliacha kila kitu akampeleka mtoto hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Alinieleza kwamba kilio cha namna hiyo hutoka kwa mtoto ambaye kichwani mwake mna jambo limeharibika, na kwamba wengine, wakiwahiwa, husaidika. Amri yake kwangu ni moja: nikikisikia, nimwite.

Mara ya tatu nilikisikia kwa mtoto wa Salama.

Salama alikuwa ameshazika wawili kabla ya huyu. Ndiyo maana huyu wakamwita Mashaka, jina la kukichukiza kifo ili kisimtamani. Alijifungulia kliniki kwa sababu mimi nilimsihi, nikamsihi na mumewe Shomari, ambaye ni mchukuzi hapo sokoni na hakuona sababu ya mke kuzalia kwa Wazungu. Siku ya pili alimleta mtoto mezani kwangu mwenyewe, anacheka, ananiambia nimlize taratibu. Daktari alikuwa chumba cha pili na mzazi mwingine. Nikauachia mpira. Kimya. Nikahesabu, nikauachia tena. Kimya. Ndipo kikaja, chembamba, kimenyooka.

Salama akaacha kucheka. Akanitazama usoni.

Nilifungua kinywa nimwambie lazima daktari amwone. Nikafika kwenye hilo neno, daktari, na hapo nikakwama. Ulimi ukashika kaakaa, jasho likanitoka, na Salama ananitazama tu, amemkumbatia yule mtoto kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Nikafanya nilivyozoea. Nikaliacha neno lile, nikaokota jepesi.

"Mpole," nikasema. "Mtoto wako mpole."

Halikunikwama hata kidogo.

Nikazima mashine. Kwenye kadi, pale pa kuandika mtoto amelia vipi, nikaandika "amelala". Nilijiambia nitamweleza daktari jioni. Jioni nikasema kesho. Kesho yake Salama akaruhusiwa kurudi nyumbani, na mlango wa chumba chake ukafungwa siku arobaini kama ilivyo ada, yeye na mwanawe ndani, wanalelewa na mama mkwe wake, Bibi Mwanjaa. Kila nilipotoka kwenda kazini nilipita mlangoni hapo nikasikiliza. Bibi Mwanjaa alikuwa akimsifu mjukuu wake uani, kwamba hajawahi kumnyima mtu usingizi, kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu kama hiyo. Wanawake wakaitikia mashallah. Na mimi nikaitikia.

Sitaki kujidanganya humu. Kigugumizi kilinichukua dakika moja tu, siku ile mezani. Siku zilizobaki zote ni zangu. Daktari ningeweza kumwandikia, mkono wangu una afya. Niliogopa kufukuzwa kazi kwa ile kadi, na niliogopa kuwa mimi ndiye nitakayemletea Salama habari ya tatu.

Leo asubuhi walitolewa nje. Kwa sababu ya mvua hatukukaa uani, tulibanana ukumbini, wanawake kama ishirini. Salama alikuwa amepakwa hina, amevaa kanga mpya, amependeza mno. Bibi Mwanjaa akamlaza mtoto mapajani, akamlowesha nywele, akashika wembe amnyoe. Bibi ni mtu mzima, macho yamepungua, mkono ukateleza. Mtoto akakatika juu ya sikio na damu ikamtiririka shingoni.

Sote tulivuta pumzi tukisubiri ukelele. Mashaka hakulia.

Mtu mmoja akasema dume hilo. Bibi Mwanjaa, aliyekuwa ameshtuka, akashukuru Mungu na kucheka, na vigelegele vikapanda mpaka kwenye mabati. Katikati ya vigelegele hivyo kilio kikaja, kimechelewa, chembamba kile kile. Nilidhani nimekisikia peke yangu.

Salama akamfuta mtoto damu, kisha akasema mbele ya watu wote kwamba wa kwanza kuona upole wa mtoto huyu ni dada Tatu, siku ya pili tu ya kuzaliwa, na Mungu atamlipa. Nyuso zote zikanigeukia. Nikasimama niseme. Neno likanikwama pale pale, shingo ikanisimama mishipa, na wao wananisubiri wakitabasamu. Bibi Mwanjaa akanionea huruma. Akasema jamani furaha imemshika koo, akachukua kipande cha halua akanitia kinywani. Walicheka wote, kwa mapenzi kabisa. Nami nikatafuna, nikameza, nikakaa.

Wageni walipotawanyika baada ya alasiri, nilikwenda chumbani kwa Salama. Bibi Mwanjaa alikuwa jikoni akisugua masufuria. Salama alikuwa ameketi kitandani, mtoto amelala kifuani pake. Nikafunga mlango, nikaanza.

Nilikwama. Maneno mepesi yalikuwepo, yote, yamejipanga mdomoni: hongera, kidonda chake vipi, nimekuja kumtazama tu. Safari hii sikuyaokota. Nilisimama kinywa wazi, mate yananitoka, sijui kwa muda gani. Kila mtu ninayemjua hunisaidia nikifika hapo. Hunimalizia. Salama hakunimalizia. Alitazama mdomo wangu na kusubiri.

"Daktari," nikasema. "Siku ile ilikuwa nimwite daktari."

Alimtazama mtoto kwanza, kisha akanitazama mimi.

"Siku ile ulianza na neno hilo hilo, dada. Nilikuona. Ulipoliacha, nilishukuru."

Nikaketi sakafuni. Akaniambia kwamba kila alfajiri, Bibi Mwanjaa anaposimama kusali, yeye humfinya mtoto mguuni, kidogo tu, kisha huhesabu moyoni mpaka alie. Wiki ya kwanza alikuwa akifika tano. Siku hizi anapita kumi. Hajamwambia mtu. Alikuwa akijiambia kwamba Tatu wa kliniki, anayejua vilio, amesema mtoto ni mpole.

Sikumwomba msamaha, maana ningemwomba nini? Naye hakunipa. Alinipa mtoto nimshike huku akitafuta nguo za kwendea kliniki kesho. Ni mzito kwa umri wake. Alifumbua macho akanitazama, au akatazama taa, sikuweza kujua. Nilimgusa unyayo, pale ninapopajua, na mguu haukurudi nyuma. Basi nikalia mimi. Salama aliendelea kukunja nguo.

Shomari bado hajarudi kutoka sokoni. Salama amesema atamwambia mwenyewe, na Bibi ataambiwa asubuhi, tukiwa tayari tumeshika mlango, ili asipate nafasi ya kuzuia. Sasa hivi namsikia Bibi uani, anamsimulia mpangaji wa chumba cha mwisho jinsi wembe ulivyomkata mjukuu wake na asitoe hata sauti. Hii ni mara ya tatu anasimulia tangu mchana.

Siku arobaini. Zingemfaa, au zisingemfaa? Nataka kumwuliza daktari, na nataka asinijibu.

Kesho tunakwenda kliniki sisi watatu, mvua iwepo isiwepo. Kazi nadhani nitafukuzwa, na itakuwa haki. Lakini kabla ya hapo nitaomba ile kadi nikate "amelala". Halafu nitasimama mbele ya daktari na mbele ya Salama, niseme yote kwa kinywa changu, bila karatasi na bila kuokota neno jepesi, hata likinichukua asubuhi nzima.