Bizari Iliyoungua

Dada yangu wa mbali,

Huku wazima, paka kazaa tena kabatini. Jana nilijitia kupika mchuzi wa mama. Nikatia bizari nyembamba na giligilani kikaangoni kwa pamoja, bizari ikaungua, moshi ukajaa nyumba nzima.

"We mtoto! Giligilani ndiyo hutangulia!"

Dada, alikuwa mama! Yule aliyelala akiutazama ukuta, bila neno, tangu tumzike baba. Amesimama mlangoni kwa miguu yake! Akanipokonya mwiko, akamwaga vyote, akaanza upya. Mimi mdomo wazi, kama mtoto mbele ya mazingaombwe.

Akapakua sahani tatu. Nikadhani ya tatu ni ya baba, moyo ukanipasuka.

"Ya dada yako," akasema. "Kachelewa wapi?"

Nimemwambia uko njiani. Usinifanye mwongo.

Mdogo wako