Kwa Nini Diski ya Baba Inajaa

Studio ya Baba,
Chumba cha mbele, mezani pa mapokezi.
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa Kaka Injinia,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na wale mapacha, wameacha kung'atana au bado mnawalisha mezani wakiwa wametenganishwa kama mahasimu? Natumaini barua hii itawakuta wazima wote, na kile kikohozi chako cha kila mwaka kimepata pa kwenda.

Sisi huku tunapumua. Mvua imenyesha wiki nzima, paa la chumba cha nyuma linavuja palepale pa siku zote, na beseni liko palepale pa siku zote. Mimi mzima. Habari za Baba zinakuja, na nakuomba usiruke mistari. Najua tabia yako ya kusoma barua kuanzia chini.

Utajiuliza kwa nini naandika kwa mkono na simu ninayo. Nimeshajaribu simu zaidi ya mara moja. Kila nikijiandaa kusema, unaanza utani wako, nacheka, tunaagana, halafu nabaki nimeshika simu kama mtu aliyepigwa na butwaa. Sasa jirani yetu muuza miwani anakuja huko kumwona mwanawe, nikaona nimpe hii aikabidhi mkononi mwako.

Nianze na lile uliloliuliza mwenyewe, la diski. Uliniandikia kwenye ujumbe, "Kwani mnapiga picha za tembo?" Nilicheka siku ile. Leo sicheki.

Ulipotutumia ile diski ya nje ulisema itatutosha mpaka tuzeeke. Unakumbuka ulivyoingia kwenye kompyuta yetu ukiwa hukohuko, mshale ukawa unatembea wenyewe kwenye kioo, Baba akaita majirani waje kuona mwanawe anavyofanya kazi bila mikono? Ukaweka programu ya bakapu, ukaiamuru kila saa inakili kazi zetu zote na kuziweka kwenye diski, na isifute kitu chochote, hata kile tulichokosea. Halafu ukafunga mipangilio kwa neno la siri ili mimi nisichokonoe. Hapo ulinionea, lakini yamepita.

Basi ikajaa. Kila asubuhi nikiwasha mashine nakuta maandishi mekundu: nafasi imekwisha, bakapu imeshindikana. Nikaondoa kwenye diski harusi ambazo wenyewe walishachukua picha zao, wengine walishaachana. Nafasi ikapatikana, na kabla ya wiki kwisha maandishi mekundu yakarudi. Nikalaumu virusi, nikalaumu umeme, mwishowe nikakulaumu wewe.

Nikamwita fundi wa kompyuta, yule uliyekaa naye dawati moja shuleni, Taratibu. Jina bado linamfaa. Aliinywa chai yake kana kwamba ameajiriwa kuinywa, ndipo akakaa kitako. Kwanza alitazama kama diski inajinakili yenyewe, maana anasema wapo watu wanaoiingiza diski ya bakapu kwenye vitu vya kunakiliwa, ikabaki inajimeza. Hapana, ulipanga sawasawa. Akamwaga pipa la takataka la kompyuta, tukapata nafasi ya kubandika stempu. Akatazama kama kompyuta ya hapa mapokezi nayo inaandika kwenye diski hiyohiyo. Haiandiki. Ndipo akapanga vitu vyote kwa ukubwa, kikubwa kitangulie, na akanigeuzia kioo nione.

Lilikuwa faili moja. Kaka, faili moja tu, limenakiliwa na kunakiliwa tena mpaka limeshika karibu diski nzima.

Alinieleza hivi. Ukibadilisha faili hata kidogo na kulihifadhi, hiyo programu haichukui kile kidogo ulichobadilisha. Inalichukua faili lote upya, na lile la jana inaliacha pale, kwa sababu wewe uliiamuru isifute. Sasa faili lenyewe ni picha ya kutundikwa ukutani, limebeba kila tabaka la kazi iliyofanyika. Nakala moja ina uzito wa harusi nzima. Taratibu akaniuliza, "Huyu mteja gani mgumu hivi, kazi yake haiishi kila siku?"

Lilikuwa faili la picha ya msiba ya Mama.

Unaijua picha hiyo, tulikutumia. Baba aliitengeneza siku ya kuamkia maziko, akajifungia chumba cha nyuma, hakutaka msaada wa mtu. Ninavyoandika hivi iko ukutani mbele yangu, kwenye fremu, na ni mwaka wa pili sasa tangu tumzike.

Kesho yake niliacha meza nikaenda kumtazama. Siku zote nilidhani akiingia kule baada ya chai ya asubuhi anashughulikia picha za paspoti. Nikaingia na kikombe, nikasimama nyuma yake. Alikuwa ameifungua picha ya Mama, anapanga mwanga shavuni, taratibu na kwa heshima, kama anavyofanya kazi zake zote. Hakugeuka. Akasema tu, "Waambie wasiwe na wasiwasi, mama. Picha itawahi. Si tunazika kesho?"

Kaka, siku ile nilimwambia ukweli. Nikamwambia, Baba, Mama tulishamzika, na wewe ulikuwepo. Sitarudia tena maisha yangu yote. Aliupokea kama ndiyo kwanza anaambiwa. Alishuka kwenye kiti akakaa sakafuni, akaniuliza kama alisema chochote kaburini, na kama alimuaga vizuri. Nikakaa naye hapo chini tukalia wote wawili, na wateja wakagonga kengele mpaka wakaondoka zao. Asubuhi iliyofuata alikunywa chai, akafuta miwani, akaingia chumba cha nyuma kutengeneza picha ya maziko ya kesho.

Tangu siku hiyo namjibu, sawa Baba, nitawaambia. Najikaza kisabuni nasema, halafu naenda bafuni nafungulia maji.

Tulikuwa tunakuambia kusahau kwake ni uzee. Hata sisi tulidhani ni uzee. Nimempeleka kwa daktari, mama mmoja mpole asiye na haraka. Amesema kumbukumbu ya Baba inakauka, na dawa ya kuirudisha hakuna, ila ya kumtuliza ipo. Amesema pia kwamba atasahau sura za watu wa karibu, mmoja baada ya mwingine, na hakuna awezaye kusema nani atafuata.

Taratibu anasema dawa ya diski ni rahisi. Tuiamuru programu ibakize nakala ya mwisho tu, zile za nyuma izifute, nafasi itarudi yote. Kinachotakiwa ni neno lako la siri. Nikamwambia subiri kwanza, nizione. Nikazifungua moja moja, kuanzia ya kwanza.

Unaijua sheria ya studio hii. Jasho utafuta, chunusi utafuta, lakini alama ambayo mtu anatembea nayo huigusi. Si alimfukuza bwana harusi mzima aliyetaka mkewe aondolewe kidoti cha shavuni? Katika nakala za mwanzo Mama ana lile kovu lake la kwenye nyusi, lile aliloumizwa na dirisha. Mbele kidogo kovu linafifia. Mbele zaidi halipo. Baba amelisafisha, Kaka. Alidhani ni doa. Halafu mwanya wa meno ukazibwa, halafu lile jicho lake la kushoto, lililokuwa dogo akicheka, likawa sawa na la kulia. Katika nakala za mwisho kuna mwanamke mzuri sana ambaye nikikutana naye njiani nitampa shikamoo na kumpita.

Nimemwona Mama akitoka kichwani mwa Baba kidogo kidogo, kwa mpangilio wa tarehe. Nililia palepale mezani. Taratibu wa watu akainama chini ya meza akajifanya anatafuta bisibisi.

Sasa niambie ningefuta zipi. Programu inataka kubakiza ya mwisho, na ya mwisho si Mama. Lakini ndiyo aliyoishughulikia Baba kwa mikono yake mpaka mgongo ukamuuma. Nimeshindwa kuchagua. Nimechomoa diski, nimeifunga kwenye taulo, iko kabatini. Bakapu imesimama. Najua kompyuta ikifa leo kazi za wateja zimekwenda na maji, kwa hiyo usinigombeze.

Nimezunguka vya kutosha. Kuna jambo lingine, na ndilo hasa lililonifanya nitafute kalamu.

Wiki chache kabla sijaichomoa diski, faili la Mama liliacha kukua. Nilifurahi, nikamwambia Taratibu labda Baba amepumzika. Akatazama, akasema hapana, kuna lingine limeanza. Nikalifungua. Ni wewe. Ni ile picha aliyokupiga asubuhi ya kuondoka, umevaa shati la mistari, na kola imekaa upande kwa sababu ulikuwa na haraka ya kijinga.

Ameinyosha kola. Nyuma yako ameweka mawingu, yale anayowawekea marehemu. Chini ameandika jina lako lote, na tarehe yako ya kuzaliwa, na kistari, na baada ya kistari ameacha nafasi.

Kila asubuhi anakuja hapa mezani na miwani mkononi, ananiuliza kwa upole kama anayeomba chumvi kwa jirani, "Mama, mwanangu alifariki tarehe ngapi? Hakuna anayeniambia."

Nimemwambia uko hai. Nimemwambia una kazi, una mke, una mapacha wanaong'atana. Ananisikiliza mpaka mwisho, halafu anasema, "Angekuwa hai angekuja kumzika mama yake." Najua habari ya karatasi zako, kwamba ungetoka usingeruhusiwa kurudi kwa mkeo na watoto. Hakuna anayekulaumu hapa, na Mama mwenyewe angekukataza. Lakini nimweleze vipi mtu ambaye kila siku anazika kesho?

Ndiyo maana nilikupigia ile Jumamosi nikampa simu. Nilitaka asikie sauti yako. Mliongea vizuri, na akakupa pole, akakupa pole tena, na wewe ukacheka ukamwambia asante Mzee, kazi ndiyo hiyo. Alipokata simu akanirudishia akasema, "Kijana ana adabu yule. Alikuwa rafiki wa marehemu? Hata sauti zinafanana." Ulikuwa unapewa pole ya msiba wako mwenyewe, kaka yangu, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimeuma kidole.

Kwa hiyo neno la siri usinitumie. Njoo uliandike mwenyewe. Karatasi zako sasa zinakuruhusu, uliniambia mwenyewe mwaka huu, ukasema utakuja mambo yakitulia. Huku hayatulii. Kaa kwenye kile kiti cha wateja, aje akushike kidevu kwa vidole viwili akuelekeze kwenye mwanga, kama alivyotushika tangu tuko wadogo. Sauti yako ameshampa mtu mwingine. Kidevu chako pengine bado anakijua.

Siwezi kukuahidi kitu, na daktari hakuahidi. Yawezekana akakukaribisha kama mteja akakuuliza unataka ngapi. Lakini nimeifungua picha yako leo asubuhi, nikaitazama kwa makini. Amegusa kola na mawingu tu. Uso bado hajaanza kuusafisha.

Nisalimie Wifi, mwambie namshukuru kwa soksi, na anisamehe kwa kukuita nyumbani ghafla hivi. Wabusu mapacha, mwambie kila mmoja kwamba yeye ndiye ninayempenda zaidi. Shangazi mshonaji anakusalimu, anauliza kama umenenepa ili ajue kipimo. Mjomba Redio naye anakusalimu na anaongea vilevile, hazimiki. Taratibu anasema atakuja kukupokea, kwa hiyo usishangae ukisubiri.

Mungu akulinde njiani na akufikishe mapema. Akikufikisha, na akupe uso wa kumtazama Baba kwa namna yoyote utakayomkuta.

Wako akupendaye siku zote, hata ukiwa unanionea,

Dada yako,
Flashi.

N.B. Nilipokuwa naikunja hii Baba ametoka chumba cha nyuma akasimama begani kwangu. Amesoma pale juu nilipoandika "Mpendwa Kaka". Nilidhani atauliza kitu. Amevuta kiti akakaa karibu nami, akanishika mkono, akasema, "Andika tu, mama, kama inakupunguzia. Hata mimi ningemwandikia, ila sijui huko zinapelekwaje."