Bamia Inayowasha

Jumatatu, 3 Februari
Kagiri mwenye ploti amepanda hadi kwenye paa akihema. Anataka nafasi ya tangi la maji. Magunia matatu tu yabaki, mengine yaondoke kabla ya Jumamosi. Nina kumi na moja, ya udongo na miche! Bamia zote za marehemu kaka yangu Shiundu. Alichanganya bamia ya mama, isiyojali kiangazi, na ile ndefu ya dukani inayozaa sana. Kila msimu aling'oa mbaya, akatunza mbegu za nzuri. Nilimwahidi nitaendelea. Basi, nitang'oa bila huruma.

Jumanne, 4 Februari
Mche mmoja una matunda mafupi, manene, yenye vinyweleo vinavyowasha. Bamia ya mama kabisa! Shiundu aliing'oa yote misimu mitatu iliyopita, nikimwona. Inazaa kidogo, sokoni hawaitaki. Damu ni nzito kuliko maji, sawa, lakini nani atainunua? Ndio wa kwanza kwenda.

Alhamisi, 6 Februari
Ua la mche ule limefungwa uzi! Ndivyo tulivyofanya jioni, kabla ua halijafunguka, nyuki wasilete chavua ya mche mwingine. Uzi maana yake: hili ni la mbegu, usiguse. Mimi sikulifunga. Na kifundo ni cha Shiundu, kitanzi kimoja kinaning'inia. Nimemuuliza Angeline wa mlango wa pili. "Wee, mimi niguse hizo vitu zenu? Si nilidhani ni uchawi!" Naogopa kupanda huko juu peke yangu.

Ijumaa, 7 Februari
Mifereji haitoi maji tangu wiki jana. Ndefu zote zimelegea. Ule unaowasha umesimama wima, jeuri kama mama mwenyewe. Na ua jingine limefungwa. Uzi wa bluu.
Nimechukua sweta, kuna baridi. Mkono wake wa kushoto umefumuka hadi kiwiko. Sweta ya bluu. Vidole vyangu vimejaa vipele.
Kifundo kile, Shiundu ndiye aliyenifundisha.
Nikilala naenda wapi? Mungu wangu.

Jumamosi, 8 Februari
Kagiri amekuja na fundi. "Madam, ni gani inabaki? Tanki iko kwa gate." Nimeonyesha magunia mawili, yenye mazao mengi. La tatu — nimeomba wangoje kidogo kwenye ngazi, nifikiri.
Shiundu, ulisema nisipende mche, nipende mazao. Hizo zako zinakufa kiu.
Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto umeshika shina la bamia ya mama. Unawaka moto. Nauambia uachie, na hauachii —