Matone ya Shingoni na Paka wa Mama Mkwe

Mshauri mpendwa, nakuomba msaada nikiwa najikuna, maana mimi ni fundi cherehani, nashonea sebuleni, na mama mkwe alipofiwa na mumewe alihamia kwetu na paka wake anayemwita Bwana Mkubwa, ambaye mama kila jioni humsimulia mambo aliyokuwa akimsimulia marehemu, na huyo Bwana Mkubwa hataki kulala popote ila katika kapu langu la vipande vya vitambaa chini ya meza ya kukatia, na sasa nyumba nzima tunaumwa na viroboto, hata bibi harusi aliyekuja kujaribu gauni alijikuna miguu mpaka mama yake akaniuliza, "Fundi, hapa tunashonewa au tunaliwa?"

Nikanunua matone ya paka ya kuua viroboto, nikampaka mgongoni juu ya manyoya, lakini yana mafuta, nikahofia madoa kwenye gauni jeupe, kwa hiyo kesho yake nikamwogesha kwa sabuni ya kufulia, na viroboto wakaendelea kuuma kana kwamba nimewaandalia. Mama mkwe anasema, "Mwanangu, paka wangu alikuja msafi, hao wameletwa na wateja wako," nami nikimwambia mume wangu ananituma kwa mama yake. Sasa jirani amenipa matone ya mbwa wake, mbwa mwenyewe mkubwa kama ndama, na mume wangu anasema mbwa na paka wote wana miguu minne, dawa ni dawa. Nimeamua nimpake hayo Jumamosi mama mkwe akienda kwa wifi yangu, na yasipofaa nimtie paka guniani nikamwache mbali, niseme ametoroka. Je, nakosea?

Fundi Mwenye Kujikuna

Fundi, unakosea, tena kwa bidii ambayo ingefaa kupewa kazi nyingine.

Kwanza, mrudishie jirani dawa yake leo. Baadhi ya matone ya mbwa humuua paka: huanza kutetemeka, akaanguka, na pengine asifike kwa daktari wa mifugo. Kwa kanuni ya mumeo, hata meza yako ina miguu minne, aipake hiyo.

Dawa uliyonunua haina kosa. Uliipaka mahali ambapo haifanyi kazi, ukaiosha, kisha ukashangaa kwamba haipo. Matone hayo huwekwa kwenye ngozi: tenganisha manyoya nyuma ya shingo, karibu na kichwa, ambapo ulimi wa paka haufiki, dondosha, mwache. Wewe unayeficha mshono usionekane, umeshindwa na manyoya ya paka mmoja. Ukihofia gauni, lifunike, na paka akae chumbani kwa mama mkwe mpaka akauke.

Wala usitarajie muujiza. Dawa si ukuta. Kiroboto huruka juu ya paka, huenda akauma, ndipo afe. Anayekuahidi kwamba paka hataumwa tena tangu saa ile anauza, hashauri. Faida yake ni kwamba wengi hufa kabla ya kutaga, na kizazi hupungua polepole.

Hao wanaokuuma kila siku wanatoka wapi? Kapuni mwako. Mayai humdondoka paka, yakaanguliwa katika vitambaa ulivyowawekea kwa ukarimu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua walikuwa wakimsema fundi cherehani. Basi wateja wasisingiziwe, wala paka. Vipande visivyofaa vifunge na kuvitupa, vinavyofaa vifue kwa maji ya moto, fagia chini ya meza na katika nyufa za sakafu, na mpe paka tandiko lake linalofulika. Rudia matone kwa wakati ulioandikwa kwenye pakiti, hata kama umeacha kujikuna. Wavivu huachia hapo, kisha hulaumu dawa.

Ama habari ya gunia, umeandika kwa mkono wako kwamba mama huyo anazungumza na paka kama alivyozungumza na marehemu. Unataka kumfanya mjane mara ya pili, kisha useme ametoroka. Hapana.

Jioni hii mwombe yeye amshike Bwana Mkubwa, wewe udondoshe. Paka atatulia mikononi mwake, na mama atajiona ana kazi katika nyumba yako. Mkimaliza, chukua ukurasa huu ukaukate uwe kipimo cha kola, kabla mama mkwe hajausoma.