Saidi, Mashine Imesikia, Wewe Je?

Mdogo wako Asha anaolewa! Posa imejibiwa, mahari imepokelewa, sheikh ameshakubali siku. Na ile kompyuta yako imefufuka, inasikia Kiswahili kama zamani. Habari zote mbili nimezitoa kwa mkupuo, maana nikianza na salamu nitakasirika kabla sijafika.

Haya, mwanangu mpendwa Saidi, hujambo huko Mwanza? Sisi hapa Kariakoo wazima. Barua hii nimeitaipu mwenyewe, hapa dukani, kwenye mashine hiyo hiyo. Yako inakuja kwa basi, na nakala nimeibandika mlangoni chini ya kibao cha steshenari. Usinune. Kila mteja anayeingia humu anauliza, "Mama Saidi, yule kijana wako wa kompyuta anarudi lini?" Nimechoka kujibu kwa mdomo. Wasome.

Unakumbuka siku baba yako, Mungu amrehemu, alipoileta? Bandarini walikuwa wamepunguza watu, naye akawa mmoja wao. Akapewa kiinua mgongo chake, na badala ya kununua bati za kumalizia ile nyumba ya Mbagala, akanunua kompyuta ya mtumba iliyoshushwa kwenye kontena pamoja na majokofu mabovu. Akaja nayo juu ya mkokoteni, mwenyewe anatembea pembeni ameishika kama mgonjwa. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Ulipoiwasha tukaona weusi mtupu na herufi nyeupe. Baba yako akainama, akachungulia, akasema, "Mama Saidi, hii televisheni mbona haina watu?" Nilicheka hadi nikakaa chini. Wewe hukucheka. Ulikuwa umeshaikalia kibodi.

Na mimi si mtu wa kuogopa herufi, usije ukawasahaulisha watu. Darasa la saba na cheti cha taipu. Kuanzia Msimbazi hadi Mnazi Mmoja vidole hivi havina mpinzani, na mwenye ubishi duka analijua. Lakini mashine ile ilitaka amri za Kiingereza, na amri za Kiingereza mimi nilizoea kuzipokea tu, sikuzoea kuzitoa. Nilikuwa naandika, inakataa. Naandika tena, inakataa. Nikakwambia irudishwe bandarini ilikotoka.

Ndipo ukakaa nayo. Uliweka ile programu ya kupangia mafaili, yenye madirisha mawili ya bluu, moja kushoto, moja kulia, na chini kabisa mstari mweusi wa kuandikia amri. Nilikuwa namenya vitunguu ukanieleza kama unamweleza mwanafunzi: "Mama, huu mstari hausikii wenyewe. Nyuma yake kuna msikilizaji. Kila ukiandika kitu, programu inamwita yeye. Aliyewekwa na kiwanda anajua Kiingereza tu. Mimi natengeneza wa kwetu, halafu kwenye mipangilio naiambia programu imwite huyu badala ya yule."

"Na yule wa zamani anaenda wapi?"

"Yupo tu, mama. Amekaa. Haitwi."

Nikamwonea huruma, wallahi. Lakini nilipoona kazi ya huyo mpya nikamsahau. Ukiandika *vusha*, faili linatoka dirisha la kushoto linaenda la kulia. "Kushoto ni Feri, mama, kulia ni Kigamboni, amri ndiyo pantoni," ulisema, nami nikaelewa hapo hapo, sikuuliza tena. *Chapa*, printa inaanza kunguruma. *Tupa*, linatupwa, ila kwanza inakuuliza kama una hakika, jambo ambalo hata wewe hujawahi kuniuliza ulipokuwa unatupa vitu vyangu.

Kisha ukazidisha, kama kawaida yako. Asubuhi moja nafungua, nakuta mashine imeweka mlango: haifanyi kazi mpaka niitaipie *shikamoo*. Mimi! Nikiamkie kitu cha mtumba! Nikasimama. "Saidi, hiki kitu kimezaliwa lini?" Ulicheka hadi baba yako akaja kutoka uani kuona kuna nini. Akasikiliza pande zote mbili, akahukumu: "Geuza, mwanangu. Mdogo ndiye anayeamkia." Ukageuza. Tangu siku hiyo ikifunguliwa inaandika *Shikamoo mama*, nami nataipu *marahaba*, ndipo madirisha yanatokea. Mzee Kantilal, wa duka la vyombo la ng'ambo ya barabara, alipoiona alimwita mkewe avuke aje ashuhudie. "Mama Saidi," akaniambia, "hii mashine imelelewa." Nikamjibu, imelelewa na mwanangu. Nililitangaza hilo hadi Feri kwa wauza samaki, ambao hakuna aliyekuwa ameniuliza.

Baba yako akatutoka. Ukazika, ukakaa nasi hadi arobaini, ukapanda basi kwenda kazini Mwanza. Hujakanyaga tena.

Sasa sikiliza yaliyotufika. Mwezi uliopita umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira, ukaunguza diski ya ndani. Fundi Deo wa mtaa wa nyuma akaweka nyingine, akayarudisha mafaili kutoka kwenye disketi ulizoacha, akairudisha na ile programu yako. Lakini mstari wa chini ukawa unamwita yule wa kiwandani. Naandika *vusha*, ananijibu Kiingereza, kwa kifupi, kama karani aliyeshachukua kofia yake anataka kwenda kula. Na kadi za harusi ya Asha zimo humo humo!

Nikaenda intaneti kafe, nikamwambia binti wa pale akuandikie kwa herufi kubwa: mashine imeharibika, mdogo wako anaolewa, baba hayupo na babu hayupo, walii wa kumwozesha ni wewe, njoo.

Unakumbuka ulichojibu? Kama umesahau, Kariakoo haijasahau. Ukurasa mzima! Fungua mipangilio. Shuka hadi kwenye msikilizaji wa amri. Futa kilichopo. Andika hiki, na kile kistari kilichoinama kiinamie kushoto, kisiinamie kulia. Hifadhi, funga, fungua upya. Kistari chako kimetutoa jasho, mtoto wewe. Kikiinamia huku, mashine inasema haimjui huyo mtu. Kikiinamia kule, Asha anasema sasa sawa, kumbe kasahau kuhifadhi. Na mwisho kabisa wa ukurasa, mstari mmoja mwembamba: "Kuhusu walii, namweka baba mdogo Issa kuwa wakili wangu. Atasimama badala yangu."

Nimeomba mtoto, nimeletewa kistari.

Hata hivyo tulitii. Niliwaacha Asha na Deo kwenye mashine nikaenda Feri kutafuta samaki. Narudi, nakuta watu wamejaa mlangoni. Nikajua tumeibiwa. Kumbe mashine imekubali kila kitu, imemwita msikilizaji wako, imeandika *Shikamoo mama*, na hakuna wa kuitikia.

"Kwani mimi mama yake?" Asha anasema.

"Na mimi nitapokeaje shikamoo ya mama wa watu na mwenyewe yuko njiani anakuja?" Deo anasema. Kijana kalelewa, sina neno naye.

Basi wakawa wanaitaipia *shikamoo* na wao. Mashine inaamkia tena. Nao wanaamkia tena. Asubuhi nzima wanabishana na kompyuta nani mdogo! Mzee Kantilal kashika nguzo ya mlango anafuta machozi: "Mama Saidi, umri ninao, lakini umama sina." Nikaweka kikapu chini, nikanawa mikono, nikataipu *marahaba*. Madirisha mawili yakatokea, bluu ile ile. Nikaandika *vusha*, kadi zikavuka.

Asha alipiga vigelegele. Mimi nikatoka hadi barabarani, samaki nimewasahau, natangaza: mwanangu yuko Mwanza, mashine iko Kariakoo, na inamtii! Nani mwingine ana mtoto kama huyo? Wapagazi wakasimama na mizigo kichwani kunisikiliza. Nilikuwa bado nazungumza Mzee Kantilal akaniuliza kwa upole tu, "Basi Saidi hana haja ya kuja tena?"

Nilirudi ndani, Saidi, nikakaa.

Sheria nimeiuliza, usinitumie ukurasa mwingine. Sheikh kasema inafaa, mwenye haki akimweka mtu kuwa wakili wake ndoa ni halali. Baba mdogo wako naye nimemwita. Kasema, "Shemeji, mimi sijakataa, ni mtoto wa kaka yangu. Lakini watu wataniuliza kijana mwenyewe yuko wapi, na yu hai, na mzima. Niwaambie nini?" Najisifu kwa maneno mengi, lakini hilo lilinishinda.

Mashine unaweza kumkalisha mmoja pembeni ukamweka mwingine, nayo ikaitika bila kujua tofauti. Asha anajua tofauti. Alikaa akachapa kadi, na pale panapotakiwa jina la anayealika akapaacha wazi. Deo akamwambia, "Dada, hapa pana pengo." Akamjibu, "Najua, liache." Akaendelea kuchapa.

Unafikiri sijui kinachokuzuia? Unaniambia ofisini wanabadilisha mashine, bosi hatoi ruhusa. Mimi ndiye niliyekuzaa. Unaogopa kuingia uani usimkute baba yako. Hata mimi, mwanangu, mwanzoni nilikuwa napika ugali wake, nasonga, napakua, halafu nasimama na sahani. Mpaka leo kuna jioni nasikia mkokoteni unapita nageuza kichwa. Sasa nani wa kuniambia hujambo, kama wewe unaniandikia habari za vistari? Ungekuja tungesimama na hiyo sahani wawili.

Ninachotaka ni kidogo. Nataka mkono wako ushike mkono wa bwana harusi, na sauti ya kusema "nakuozesha dada yangu" iwe yako. Asha yuko chumbani nyuma ya pazia, ataisikia, ataijua. Sauti haitengenezwi kwenye mipangilio.

Basi nimeamua. Lile pengo nimelijaza mimi, kwa vidole vyangu hivi: *Bwana Saidi anayo furaha kukualika kwenye ndoa ya dada yake*. Asha aliposoma alitoka nje, hakunikataza. Kadi zimeshaanza kugawiwa. Mzee Kantilal anayo, fundi Deo anayo, baba mdogo Issa kaipachika kwenye kioo cha kabati. Wote hao umewaita wewe, kwa jina lako. Huwezi kuita watu halafu wafike wewe hupo, sikukulea hivyo. Mwonyeshe bosi wako barua hii, akibisha mwambie mama yangu ana nakala nyingi na mashine nzima.

Godoro lako nimelianika. Njoo mapema, ufike kabla ya wageni. Mungu akusafirishe salama.

Tunakungoja, sisi na wote uliowaalika, Ijumaa ya kwanza baada ya Idi, mara tu watu wakitoka msikitini.

Mama yako