Hatua Mbili Zimekuwa Moja, Nami Nimekuwa Bure

Mpendwa Shangazi Salme, naomba msaada maana usingizi umenitoroka, mimi ni mtu wa kompyuta katika kituo cha utafiti wa mvua huku Spring Valley, na watafiti wetu wote wanatumia programu nilizoandika mimi, ya kwanza inaondoa siku ambazo mvua haikupimwa, zile zilizojazwa -999 kama alama, ya pili inapiga hesabu, na mtu akisahau ile ya kwanza anapata mvua iliyo chini ya sufuri, basi anakuja mbio mezani kwangu, "Mwalimu, niokoe!" na chai ya saa nne nilikuwa naletewa, sijui hata birika linakaa wapi. Sasa huyu Naliaka, msichana wa kandarasi aliyekuja juzi tu, amezifanya hatua mbili kuwa moja, unabonyeza mara moja majibu yanatoka, tena sahihi, nimekagua mwenyewe, na siku hizi watu wananipita tu na vikombe vyao, roho ikaniuma, nikamwambia bosi wetu Dkt. Philister kwamba programu ya Naliaka inadanganya, naye amesema Jumatatu anamwachisha kazi. Nikinyamaza, si mambo yatatulia yenyewe?

Mukonyo, Spring Valley

Yatatulia? Mukonyo, huna hata haya! Ati umekosa usingizi. Na Naliaka je, anayefutwa kwa kufanya kazi vizuri?

Kuitwa Mwalimu ni kutamu, hilo nakubali, na kusahauliwa kunauma. Lakini mwalimu gani huyo anayefurahi watu wakikosea? Uliacha shimo njiani makusudi ili ushukuriwe kwa kuwatoa watu humo. Hizo hatua ungeziunganisha mwenyewe siku yoyote. Hukutaka, kwa sababu ya chai! Mtu mzima na ndevu zako! Ebu tafuta hilo birika ujimiminie.

Sasa sikiliza. Mpigie Dkt. Philister simu leo hii. Sema, "Nilidanganya, programu ya Naliaka ni sahihi." Usimwanzie hadithi za labda hukueleweka. Jumatatu, Naliaka akiwa amesimama hapo, bonyeza mwenyewe mbele ya bosi, majibu yaonekane, kisha umwombe msamaha kwa jina lake. Zile programu zako mbili uzifute kwa mkono wako.

Najua utavutavuta miguu. Uliniomba nifiche jina lako, nami nimekataa. Leo ni Jumamosi, gazeti limeshafika Spring Valley, na Dkt. Philister pengine bado anasoma kurasa za mbele. Shika simu.