Nyonga ya Kaka Yako

Walkley, Sheffield
11 Machi 2012

Mpendwa wifi Beryl,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Hujambo huko Adelaide? Joto limepungua? Na goti la shemeji Stan linaendeleaje? Mimi mwili sijambo, ila kichwa kimevurugika, nawe utanisamehe barua hii ikienda mrama.

Ulilalamika kwamba ukipiga simu Clive hazungumzi nawe. Usimkasirikie, wifi. Hasikii vizuri tena, na anaona haya kusema.

Ilianza na chai. Mwaka juzi aliniambia chai yangu ina ladha ya chuma. Mimi, niliyempikia tangu tuoane! Nikanuna. Nikasugua birika, nikanunua jingine, nikabadili majani. Wapi! Mwishowe nikamwambia, "Basi nenda Australia ukapikiwe na dada yako."

Kisha akaanza kusahau. Siku moja alimimina maziwa kwenye bakuli la sukari, akasimama akiyatazama. Kwenye bendi ya tarumbeta akawa anapotea katikati ya nyimbo anazozipiga tangu ujana. Wenzake walimtania, "Clive, leo umeamkia kilabuni nini?" Baadaye wakaacha kumtania, na hapo ndipo nilipoogopa. Mama yangu alituponyoka vivyo hivyo. Nikajua ni uzee, nikalia, nikazoea.

Sasa sikia maajabu. Mwezi uliopita hospitali iliwaita wote waliowekewa nyonga ya bandia kama yake, ile ya chuma juu ya chuma. Wakampima damu, wakakuta imejaa kobalti, madini yaliyomo kwenye hiyo nyonga. Eti akitembea vyuma vinasuguana, vinalika, na unga wake unaingia kwenye damu. Unaweza kudhuru masikio, moyo, hata akili. Nikamwambia daktari, "Lakini mguu haumuumi hata kidogo!" Akasema si lazima uume.

Hapo waliniacha njiani, wifi. Baba yenu alivuta vumbi la chuma kiwandani maisha yake yote, na Clive baada yake, wala hawakudhurika. Leo kinachomdhuru ni chuma alichowekewa na madaktari ili apone? Nikifikiri hivyo nashikwa na hasira, kisha sijui nimkasirikie nani.

Wanataka kuitoa hiyo nyonga, wamwekee ya aina nyingine. Clive alikataa katakata. "Mguu wenyewe mzima, wanautakia nini? Redio ya gari ikiharibika, unang'oa gurudumu?" Binti yetu Dawn akamfokea, "Baba, acha ubishi! Utakufa na huo mguu wako mzuri!"

Daktari mwenyewe hajui kama akili itarudi. Huenda ni kobalti, huenda ni uzee, huenda vyote viwili. Wakiitoa na asirudi kuwa Clive, nitakuwa nimepoteza kichwa na mguu pia. Uzee nilikuwa nimeshaukubali. Haya matumaini ndiyo yanayoninyima usingizi.

Jana mchana nilikuwa namenya viazi. Clive akaja, akasimama kando yangu akitazama maganda. Nikadhani amesahau alichofuata jikoni. Kisha akasema, "Noreen, watu wakiongea huwa nimo. Nawaona kabisa. Ila nikitaka kujibu, sifiki."

Nikaweka kisu chini. Nikamwuliza kwa sauti kubwa, ili asikie, anataka tufanye nini.

"Waambie wapasue," akasema. "Kama bado nimo humu, wanitoe."

Nimeshapiga simu hospitali. Ni Alhamisi ijayo. Sijui hata niombe nini, wifi, lakini naomba. Nawe mwombee kaka yako.

Nisalimie shemeji Stan na watoto, Ross na Glenys. Dawn anawasalimu nyote. Mungu awaachie mifupa aliyowapa mwenyewe, mzeeke nayo kwa amani.

Wifi yako akupendaye,
Noreen